Vijiti Sitini

Sista Gaudensia alikuja karakanani na kijiti kimoja
amekifunga kwenye leso kama jino la mtoto.
"Nataka sitini kama hiki," akasema,
"na visipishane hata unywele."
Mimi, niliyezoea gogo linaloniambia lenyewe
wapi pana goti na wapi pana kilio,
nikapewa neno moja, nilirudie mara sitini.

Ningekataa. Ila mikorosho ilikuwa bado maua,
na dukani kwa Mchekenje
daftari lilikuwa na jina langu kurasa mbili.

Nikaokota mpingo uliobaki miguuni pa sanamu.
Nikachonga shingo, nikachonga tumbo,
nikaacha kichwa cha kuzuia uzi usitoroke.
Cha kwanza kilinila siku nzima.
Cha ishirini, chai haijapoa.
Cha thelathini na saba nilikitia jicho,
moja tu, dogo kama tundu la sisimizi.
Sikumwambia mtu.

Nilipovifikisha Ndanda ndipo nilipoona viendako.
Mto (si Lukuledi, mto wa kulalia,
lakini mgumu kama kiroba cha mtama)
umeshindiliwa maranda, maranda yangu,
yale niliyokuwa nikiyachoma jioni kufukuza mbu;
juu yake pini zimesimama kama mgongo wa nungunungu,
na wanawake watano wameinama.
Mkono unapisha, unasokota, unapisha.
Mpingo unagonga mpingo, tak, taki-tak,
mvua juu ya bati ambayo haijaamua kunyesha.

Nikauliza: nguo yenyewe iko wapi? Naona matundu.
Paskazia hakuinua uso.
"Ndiyo hayo. Uzi ni ua tu,
tumeizungushia hewa."

Msimu ulipoingia, darasa likapungua.
Utomvu wa korosho hauna adabu mbele ya uzi mweupe.
Paskazia alikuja vidole vimebabuka, ncha nyeusi,
amevisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa.
Sista akavigeuza, akavirudisha, akamwonyesha benchi.
Akakaa pale mwezi na nusu
akitazama kimia cha wenzake kikirefuka,
midomo ikihesabu jozi bila sauti.
Ngozi ilipobambuka
akarudi na vidole vipya, vyekundu,
vya mtu aliyezaliwa juzi.

Kadi za ruwaza zilitoka Ulaya, zimeshatobolewa:
waridi, jani la mti tusioujua,
na theluji, ambayo Sista alitueleza kwa kumwaga chumvi mezani.
Paskazia akaomba kadi tupu.
Aliitoboa usiku, kwa sindano ya magunia, bila rula.

Pasaka ikafika, altare ikavishwa.
Watu walitazama mshumaa mpya.
Mimi nilitazama pindo:
pembe ndani ya pembe, mstari wa nukta,
kisha pembe tena, imeinama kidogo kushoto.
Nilizijua kabla sijajua kushika patasi.
Ni mashavu ya mama yake, Nachilima,
aliyechanjwa kule Newala akiwa msichana,
akapakwa mkaa wa mbarika, akakatazwa kulia;
ambaye hakubatizwa,
na kanisani alifika mlangoni tu
kumletea binti yake mwavuli.

Sasa uso ule umetandikwa chini ya kikombe,
umekuwa mweupe,
na padri anaulalia viganja.

Sista alipita, akanyoosha kona moja,
akaitazama kwa muda mrefu kuliko kona inavyohitaji,
akaiacha.

Ni miaka mingi. Sista amezikwa kule nyuma ya hospitali.
Jana Paskazia kanijia na mfuko wa kitambaa,
akavimwaga mezani pangu, vimeng'aa kwa jasho la vidole.
Vilikuwa hamsini na tisa.
Kimoja mjukuu amekitumia kukorogea uji,
kikatumbukia jikoni.

Nikauliza, kama mtu asiye na haja ya jibu: kipi?

"Si chenye jicho," akasema,
huku anavuta benchi.